Onja Kwanza Wewe

Jumamosi, tarehe 2

Tumefika mlimani. Mvua ilitupokea getini na mpaka sasa haijatuaga. Nyumba ya wageni ina sebule yenye meko ya kuni, korido inayonuka nta, na mhudumu mmoja ambaye ndiye mpokea wageni, ndiye mfagiaji, ndiye mtandika vitanda. Chumba changu kimepakana na cha dada na shemeji. Ukuta ulio kati yetu ni wa mbao nyembamba kiasi kwamba nimemsikia shemeji akivua soksi.

Niandike kwanza nimefikaje hapa, maana likizo hii nilikuwa nimeipangia mambo mengine: kusahihisha mitihani ya jiografia ya wanafunzi wangu, kulala mchana, na kutosemeshwa na mtu. Kisha dada akapiga simu. Dada yangu ni mpishi mkuu wa hoteli kubwa. Anaamrisha jiko zima, na kuomba si desturi yake. Siku hiyo aliomba. "Mdogo wangu, twende wote. Nitakaaje wiki tatu na huyu mtu peke yangu? Atanitembeza mpaka miguu iote mizizi."

Kesho yake akapiga shemeji, huyo huyo mtu. "Shemeji, nakuomba uje. Ila dada yako asijue kwamba nami nimekuomba." Nikauliza kwa nini. Akasema nitajua mbele ya safari.

Mume wangu alicheka huku akinikunjia nguo. "Mtu akialikwa mara mbili kwenye karamu moja, ajue ataosha vyombo."

Jumapili, tarehe 3

Shemeji alitugongea milango kabla hakujapambazuka. Anauza magodoro mwaka mzima, na akipata likizo hataki kuona kitanda. Alitupandisha mpaka kwenye kituo cha kutazamia mandhari, akasimama ukingoni na mwavuli kama mkuu wa kikosi.

"Pale mbele ni bahari," akasema. "Kando yake mji tutakaoshukia wiki ijayo. Anga likiwa safi unaona mpaka meli."

Tulichoona ni ukungu. Aliupiga picha ukungu. Akanipiga mimi mbele ya ukungu, akampiga dada mbele ya ukungu, akamwomba mpita njia atupige wote watatu. Kisha akatueleza kwamba mawingu ni pumzi ya mlima. Nimefundisha mawingu zaidi ya nusu ya umri wangu. Nilinyamaza, niko likizo.

Jumatatu, tarehe 4

Mvua. Nimesahihisha. Mwanafunzi mmoja ameandika kwamba mito hupanda mlima wakati wa masika. Kwa mvua ya leo, siwezi kumkatalia.

Jumanne, tarehe 5

Mchana tulikwenda kula kwenye mgahawa wa mlimani, ule wenye madirisha makubwa ambayo siku njema huonyesha bonde na leo yalionyesha sura zetu wenyewe. Tuliagiza supu ya uyoga. Dada aliinua kijiko mpaka karibu na pua, akakirudisha, akanisogezea bakuli lake.

"Onja kwanza wewe."

"Yangu ninayo, dada."

"Onja hii. Inasemaje?"

"Inasema ni supu ya uyoga."

"Uyoga nauona. Nakuuliza ina nini."

Nikaonja. Nikamwambia ina maziwa, kitunguu saumu kidogo, pilipili manga. Chumvi, akauliza. Ipo, nikasema. Imezidi? Labda kidogo. Basi akamwita mhudumu na kumtuma kwa mpishi: chumvi imezidi, na pilipili manga imetiwa mwishoni badala ya mwanzoni. Mpishi akatoka mwenyewe, aproni mkononi, akaomba radhi. Dada akamweleza habari za supu ya uyoga kama hakimu anayesoma hukumu. Shemeji muda wote alikuwa akilitazama bakuli lake. Supu yangu ilipoa.

Jumatano, tarehe 6

Kuku. Onja. Karudishwa.

Alhamisi, tarehe 7

Maporomoko ya maji. Njia ilikuwa tope tupu, na dada akagoma katikati, akakaa kwenye kibanda cha walinzi kunywa kahawa. Nikabaki na shemeji. Tulipofika chini maji yalikuwa yakipiga kelele kiasi kwamba ilibidi anisogelee sikioni.

"Shemeji, dada yako amekueleza lolote?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu nyumbani."

"Hapana."

"Kuhusu mimi, labda?"

"Hapana, shemeji. Kuna nini?"

Akayatazama maji. "Maji mengi," akasema.

Mtu mzima na mvi zake amenishusha bonde zima ili kuchimba umbea. Viatu vyangu havitapona.

Ijumaa, tarehe 8

Keki ya chai jioni. Onja. "Sukari imepungua," nikasema, kwa kuwa nilishajua nikisema iko sawa nitaulizwa maswali mpaka iharibike. Ikarudishwa. Nimegundua kwamba neno langu moja linaweza kumfanya mpishi atoke jikoni akikaribia kulia. Sina raha na madaraka haya.

Jumapili, tarehe 10

Tulishuka mjini jana. Joto limetukumbatia kama jamaa asiyeoga. Tumepanga nyumba ya ghorofa ya pili, vyumba viwili, jiko dogo, roshani inayotazama ukuta wa jirani na, ukijipinda shingo, kipande cha bahari. Shemeji amejipinda shingo tangu tufike.

Jumatatu, tarehe 11

Asubuhi jumba la makumbusho, mchana barabara ya ufukweni mwanzo hadi mwisho, jioni hoteli yenye vitambaa vyeupe mezani. Makumbusho yalikuwa na mizinga iliyoliwa na kutu. Shemeji alisoma kila kibao kwa sauti, hata kile kilichosema usiguse. Hotelini dada alirudisha kamba wa baharini, akarudisha mchuzi, akarudisha hata mkate. "Onja huu. Hamira imezidi, sivyo?" Nikasema mkate ni mkate. Akanikazia macho. "Wewe una ulimi mzuri, usiuonee uvivu."

Jumatano, tarehe 13

Mvua baharini ni mbaya kuliko ya mlimani; inanyesha kutoka ubavuni. Tulikula mara mbili nje na mara mbili nikaonja. Nimempigia simu mume wangu. Nimemwambia niko na mkosoaji na mpiga picha, na mimi ndimi meza. Akasema rudi. Nikasema tiketi ni ya tarehe 21. Akasema basi vumilia. Naye pia amenikera.

Alhamisi, tarehe 14

Leo nina aibu ambayo sijawahi kuwa nayo mahali pa kula.

Nyuma ya soko kuna mkahawa mdogo wenye meza nne tu, na mwenyewe watu humwita Mama Meza Nne. Ni mwanamke wa makamo, mrefu. Anapika mwenyewe, anapakua mwenyewe, na anawajua wateja wake kwa sauti kabla hawajaingia. Mwenye nyumba yetu ndiye aliyetuelekeza. Tulikaa, tukaagiza samaki wa kuchoma na wali.

Sahani ya dada ilifika kwanza. Akanisogezea.

"Onja kwanza wewe."

"Leo sionji."

"Kidogo tu."

"Dada, nimeonja mlima mzima. Leo nitakula changu kikija, nawe ule chako."

Alinitazama kwa namna ambayo leo sikuielewa, nami nilikuwa nimechoka hata kujaribu. Akamega samaki, akatafuna polepole. Akaita. "Mama, samaki huyu hana chumvi. Tena amelala huyu, si wa leo."

Mama Meza Nne akafuta mikono. "Nimemnunua alfajiri, bado anapiga mkia."

"Hana chumvi."

Akamchukua bila neno. Akachoma mwingine mbele ya macho yetu, akamkoleza chumvi mbele ya macho yetu, akaleta. Dada akamega. Akatikisa kichwa. Watu wa meza nyingine waliacha kula. Mama Meza Nne akaenda ndani, akarudi na bakuli la chumvi, akaliweka mezani taratibu.

"Tia mwenyewe, mama. Wewe ndiye unayejua."

Dada akatia. Akaonja, akatia tena. Akatia kijiko baada ya kijiko, na kila mara alipotafuna uso wake ulibaki vile vile, kama mtu anayesubiri simu ipokelewe. Kisha akasema, "Sasa," akaanza kula. Akala nusu ya samaki yule, mkahawa mzima ukimtazama. Nikanyoosha mkono nikamega kipande kidogo kama ukucha. Yalikuwa maji ya bahari yaliyokaushwa. Nilikitema kwenye karatasi.

Mama Meza Nne akachukua sahani. Hakupaza sauti. "Napika hapa tangu mume wangu afariki. Nimeambiwa wali ni mbichi, nimeambiwa nimechelewa, nimeambiwa mengi. Lakini kuna kukosoa na kuna kumdhihaki mtu mbele ya wateja wake. Nendeni. Kwangu leo hamtakula."

Shemeji alibaki nyuma kuomba radhi. Mimi na dada tulitoka, na barabarani nikamwambia yote niliyokuwa nayo moyoni tangu supu ya uyoga. Nilimwambia ukubwa wa jikoni umempanda kichwani. Nilimwambia wapishi wote aliowatoa jasho wana watoto nyumbani. Alitembea tu. Tulipofika ngazini akasema, bila kugeuka, "Ungeonja, haya yasingetokea."

Sasa ninaandika hili mlango ukiwa umefungwa. Mtu anawatia watu aibu, kisha kosa linakuwa la yule aliyekataa kuonja. Sijaona jeuri ya namna hii.

Ijumaa, tarehe 15

Sikujua kitu. Niandike lilivyotokea.

Jana jioni umeme ulikatika na haukurudi mpaka asubuhi, kwa hiyo jokofu lililala bila kazi katika joto hili. Shemeji alikuwa ametoka kutafuta mkate. Nilipotoka chumbani harufu ilinikuta mlangoni. Maziwa yameharibika, nikajua hapo hapo, nikaenda jikoni na pua nimeziba ili niyamwage.

Dada alikuwa amekaa mezani, anayanywa. Glasi ilikuwa imebaki robo.

"Dada. Hayo maziwa."

"Yana nini?"

Aliyatazama. Kwa macho yalikuwa meupe safi, hayajaanza kukatika. Akanitazama mimi, akaona mkono wangu puani, na glasi akaiweka chini kwa uangalifu kama imejaa.

"Yananuka?" akauliza.

"Mpaka mlangoni."

Tukakaa. Nilisikia maji yakidondoka kwenye sinki. Kisha akasema, "Basi nitaumwa tumbo," akacheka kidogo, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine. Mimi sijamwona dada yangu akilia tangu tulipomzika mama.

Alinieleza: ni tangu baridi ilipoanza. Alipata homa, pua zikaziba, akalala siku chache kama mtu yeyote. Homa ikaondoka, na ilipoondoka ikachukua harufu na ladha ikaenda navyo. Alidhani vitarudi kesho, keshokutwa. Daktari alimwambia huenda vikarudi na huenda visirudi, hakuna anayejua. Akimega mkate anahisi sifongo. Akinywa kahawa anahisi moto. Chumvi, sukari, ndimu, vyote kwake ni maji.

"Na hotelini?" nikauliza.

"Napika kwa mkono. Mkono unakumbuka. Na msaidizi wangu ninamwambia, onja uniambie, nakupima wewe. Anadhani namfundisha."

"Mpaka lini?"

"Mvua zikiisha wanafungua ukumbi mpya wa kulia. Vyakula vyote vya siku ile vinatakiwa vitoke kwangu, vipya, ambavyo mkono haujawahi kuvipika." Alifuta uso kwa kitambaa cha vyombo. "Nikiwaambia, watanipa funguo za stoo nihesabu magunia ya unga."

"Shemeji anajua?"

"Usimwambie." Alinishika mkono kwa nguvu. "Yule mtu alisimama mbele ya wazee siku ya posa, wakamwuliza umependa nini kwa binti yetu, akasema mchuzi wake. Wote walicheka. Mimi sikucheka, nilijua anasema kweli. Mchuzi ukiondoka, anabaki na nani?"

Kwa hiyo kwake likizo ilikuwa ya kuupima ulimi kila mahali, huenda ukaamka mbele ya chakula kigeni. Nami niliitwa niwe ulimi wa akiba. Vyakula alivyorudisha alivirudisha kwa maneno yangu, na pale ambapo maneno yangu hayakutosha aliongeza ya kwake ili asijulikane. Nilimkasirikia na nilimhurumia, na vitu hivi viwili havikai vizuri ndani ya mtu mmoja ambaye hajanywa chai.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu imekuwa samaki.

Jumamosi, tarehe 16

Ameumwa tumbo. Shemeji anamlaumu Mama Meza Nne. Nimenyamaza, na kunyamaza kumenipa maumivu ya kichwa.

Jumapili, tarehe 17

Mvua kutwa. Watu watatu, vyumba viwili, siri moja. Shemeji alipika uji, akauleta kitandani kwa dada, akasimama pale kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Dada akasema ni mzuri. Alisema haraka mno. Nikauonja wangu: aliutia chumvi mahali pa sukari. Nimekula wote, nikaenda kusahihisha karatasi za ramani.

Jumatatu, tarehe 18

Shemeji alinitoa asubuhi twende kwenye mnara wa taa. Dada alisema bado hana nguvu. Tulipanda ngazi za mzunguko, nami nilishajua kinachonisubiri juu ni mandhari au umbea.

Juu mvua ilikuwa imetulia, na kwa mara ya kwanza tangu tufike bahari ilionekana yote, hadi mwisho. Shemeji hakutoa hata kamera. Alishika chuma cha ukingo.

"Shemeji, nitakuuliza kitu, unijibu kama ndugu. Dada yako ana mtu mwingine?"

Nilikaribia kucheka, kisha nikaona uso wake. "Mtu gani? Kwa nini?"

"Chakula," akasema.

"Chakula kimefanya nini?"

"Tangu baridi ianze, chakula cha nyumbani si chake. Leo chumvi tupu, kesho maji matupu. Siku moja alinipa wali uliounguza sufuria mpaka nyumba nzima inanuka, akakaa mbele yangu akaula kama hakuna kitu. Shemeji, yule ni mpishi mkuu. Yule hakosei. Yule akikupa chakula kibaya, anakupa ujumbe."

"Nawe ukafanya nini?"

"Nimekula. Kila sahani nimeimaliza. Nikasema nikibakiza, nimempa sababu ya kuondoka." Akavuta pumzi. "Ndipo nikasema nimtoe, tutembee, aone vitu vizuri. Labda moyo utarudi. Nikakuomba uje kwa sababu wewe angekuambia. Lakini naona anarudisha chakula cha kila mtu, na mimi hata kunirudisha hataki, ananyamaza tu."

Nimemwita mtu huyu majina mengi katika kurasa zilizopita. Sitayafuta, lakini leo nisingeyaandika. Miezi yote hiyo amekula wali ulioungua akidhani ni talaka inayopikwa taratibu.

Nilimshika mkono nikamshusha ngazi. Njia nzima aliuliza kuna nini. Nilimwambia atembee.

Dada alikuwa roshanini, amejifunga khanga, anatazama ukuta wa jirani. Nikamkalisha mume wake kiti kilichokuwa mbele yake.

"Dada, mwambie, au nitamwambia mimi."

"Nilikuomba."

"Uliniomba, naye pia aliniomba. Mmeniomba wote wawili mpaka nimekuwa ofisi ya posta. Nimechoka. Anadhani una mwanamume mwingine."

Dada aligeuka kama aliyechomwa sindano. "Nina nani?"

"Mwambie."

Akamwambia. Alimwambia kwa maneno machache, macho yakiwa kwenye ukuta: homa, pua, ulimi, daktari. Shemeji alisikiliza mikono ikiwa magotini. Alipomaliza, jirani upande wa pili akafunga dirisha.

"Kwa hiyo hukunichukia," akasema shemeji.

"Nikuchukie kwa lipi?"

"Ule wali."

"Wali gani?"

"Ulioungua."

"Wali uliungua?" Dada akasimama. "Lini wali uliungua?"

"Mara kadhaa."

"Nawe ulikula?"

"Nilikula."

"Mtu mzima anapewa mkaa, anakula, hasemi. Ungesema ningejua. Mimi nilikuwa nakutazama unavyomaliza sahani, najiambia mkono wangu bado mzima, tazama anavyokula. Nimekwenda hotelini na mkono huo kwa sababu yako."

"Ningesemaje? Wewe ukikosolewa unanuna wiki nzima."

"Mimi nanuna?"

Nikaona wamefika mahali ambapo hawanihitaji. Nilichukua karatasi zangu nikaenda kusahihishia chini, kwenye ngazi ya kuingilia. Waligombana mpaka saa ya chakula, na nilipopanda niliwakuta wamekaa kiti kimoja kisichowatosha. Shemeji alikuwa analia, dada anamfuta na pembe ya khanga huku akimwambia aache upuuzi.

Jumanne, tarehe 19

Dada alisema hawezi kuondoka mjini bila kurudi kwa Mama Meza Nne. Tulikwenda mapema, kabla ya wateja.

"Nimekuja kuomba radhi," dada akasema. "Samaki wako alikuwa sawa. Mimi ndiye nisiyesikia ladha. Naumwa."

Mama Meza Nne aliendelea kupara samaki. "Kama unaumwa ungesema. Mimi ningekupikia uji."

"Nilikuwa naficha."

"Ulilificha kwako, ukalifichua kwangu. Mteja wangu wa meza ile pale hajarudi tangu siku ile." Akaosha kisu. "Mumeo aliniambia siku ile wewe ni mpishi wa hoteli. Nikasema basi, mpishi mwenzangu amenivua nguo sokoni."

"Nisamehe, mama."

"Leo sijakusamehe. Kaeni mle."

Tulikaa tukala. Hakuwa mchangamfu, lakini chakula hakikujua ugomvi wetu. Dada alimega samaki, akamsogezea mume wake, si mimi. "Onja. Anasemaje?"

Shemeji akatafuna huku amekunja uso. "Ni mtamu."

"Mtamu vipi?"

"Mtamu wa kawaida."

"Wa kawaida ndiyo nini? Ulimi huo umepewa wa nini?"

Akafikiri kwa bidii, maskini, jasho likamtoka. "Ni kama godoro zuri," akasema. "Juu laini, unazama. Halafu ukishazama unakutana na kitu kigumu kidogo, kinakubeba."

Dada alitafuna, anatazama mbele. "Basi amemtia ndimu mwishoni," akasema.

"Mwishoni," akajibu Mama Meza Nne kutoka jikoni. Hakugeuka.

Alhamisi, tarehe 21

Tumerudi. Shemeji alitupiga picha stesheni, mbele ya choo, akasema mwanga ulikuwa mzuri. Dada ameapa atamwambia meneja wake Jumatatu. Nimemwambia sawa. Sijaamini.

Jumanne

Shule imefunguliwa. Wanafunzi wamerudi wakiwa warefu na wajinga zaidi. Dada alimwambia meneja jana. Meneja akasema ukumbi mpya atapewa msaidizi autayarishe, dada asimame kando asimamie, mwisho wa mwaka watatazama tena. Msaidizi naye alimwambia kwamba alishajua tangu zamani, na kwamba alikuwa akirekebisha vyungu nyuma ya mgongo wake. Dada alikuja kwangu akalia kuhusu hilo hadi chai ikapoa. Halafu akaanza kulaani jinsi msaidizi anavyokata karoti, na nikaona kwamba hajafa.

Ijumaa

Shemeji amepiga simu kuuliza wali unatiwa maji kiasi gani. Siku hizi yeye ndiye anayepika nyumbani, dada akirudi akute chakula. Nikamwambia amwulize mke wake. Akasema anataka kumshangaza.

Jumatano

Shemeji amepiga tena. Kitunguu, kinatangulia au kinafuata nyanya? Nilikuwa darasani.

Jumapili

Mvua zimekwisha. Ukumbi mpya ulifunguliwa jana, na watu wamesifu, na dada alirudi nyumbani mapema akalala bila kumsemesha mtu. Hayo niliyapata kwa shemeji, kwa mnong'ono. Nilipanga kumpigia dada leo, nikawa naahirisha, maana sikujua nitamwambia nini.

Alasiri akapiga yeye. Sauti yake ilikuwa ngeni.

"Upo umekaa?"

"Niko jikoni. Kuna nini?"

"Nyamaza kwanza." Nikamsikia anavuta pumzi kwa pua, ndefu, kama mtoto anayevuta kamasi. Akavuta tena. "Ipo. Inakuja, inapotea, lakini ipo."

"Nini, dada?"

"Kitunguu. Huyu mume wangu anaunguza kitunguu, kimeshakuwa cheusi. Nilikuwa chumbani, mlango umefungwa. Sikuona moshi, nimeusikia."

Nilikaa chini. Nikamwuliza kama ana hakika, isije ikawa ni macho tu yamewashwa. Akasema hana hakika, na ndiyo maana amekuja kusimama jikoni. Nyuma yake nilimsikia shemeji akipiga kelele kwamba sufuria itatoboka, anaomba aiondoe, azime, moto huo utafika dari.

"Mwambie azime, dada."

"Nimemkataza," akasema. "Asubiri kidogo."